Jinsi ya Kukarabati Mdoli wa Zamani Bila Kuumaliza: Mwongozo Kamili

Midoli mingi inayoletwa kwangu ikiwa hoi haikuharibiwa na watoto wala na uzee. Ilikuwa na doa tu, au nywele zilizosokotana, au mguu uliolegea. Mwenyewe akauosha au akaupaka dawa, ukatoka hapo vibaya kuliko ulivyoingia: ngozi inanata, nyusi zimefutika, mkono umeyeyuka kwenye bega.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja. Dawa ilikuwa sahihi, ila mdoli haukuwa wa dawa hiyo. Kinachosafisha vinili (plastiki laini) kinayeyusha plastiki ngumu, na maji yanayofaa plastiki yanabomoa mdoli wa unga wa mbao. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye hatua ya kwanza, na nakuomba usiiruke hata kama una haraka.

## Vifaa

Andaa vyote kabla hujaanza. Kuna vituo katika kazi hii ambavyo huwezi kuacha gundi ikikauka ukaenda kutafuta koleo.

Vya usafi: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki laini, vijiti vya pamba, vitambaa vyeupe (vyeupe, ili uone mara moja kama rangi ya mdoli inatoka), spiriti, siki nyeupe, na krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10.

Vya nywele: kitana cha chuma chenye meno mapana, kondishina, mirija ya kunywea soda kwa ajili ya kusokota mawimbi, na karatasi laini.

Vya kuunga na kuziba: gundi ya epoksi (ile ya mirija miwili inayochanganywa), epoksi ya kukanda, gundi ya kuzibia maboya na vitu vya plastiki laini, puti ya mbao, msasa namba 400 na 600, waya mwembamba.

Vya viungo: lastiki ya mviringo, waya mgumu uliokunjwa ncha kuwa kulabu, koleo lenye mdomo mrefu, kibano.

Vya kitambaa: sindano ndefu, uzi imara, faiba ya kujazia.

Vya rangi: rangi za akriliki, brashi nyembamba sana, chaki laini za kuchorea, vanishi isiyong'aa.

Vya usalama: glavu, barakoa, tochi, na taulo nene la kutandika mezani. Taulo hilo si pambo. Kichwa cha kauri kikiponyoka kwenye meza tupu, umekwisha.

Asetoni, blichi na supagluu viweke mbali. Vina kazi zake, lakini anayeanza akivikuta mezani huvitumia.

## Hatua ya 1: Tambua mdoli umetengenezwa kwa nini

Nawa mikono, ikauke, kisha tumia vidole, masikio na pua.

Vinili. Bonyeza shavu kwa kidole gumba. Likibonyea na kurudi, ni vinili. Mara nyingi nywele zimeshonwa kichwani kwenye vitundu vilivyojipanga kwa mistari. Maji na sabuni haviisumbui, lakini hunyonya wino na rangi ya nguo hadi ndani.

Plastiki ngumu. Haibonyei, ukiigonga kwa kucha inalia, na ubavuni utaona mstari pale nusu mbili zilipounganishwa. Asetoni huiyeyusha. Inuse pia: plastiki ngumu ya zamani ikitoa harufu ya siki, imeanza kuoza kutoka ndani, na mvuke wake unaweza kuichokoza midoli mingine. Itenge peke yake, mahali penye hewa, na usiifungie kwenye mfuko.

Seluloidi. Ni plastiki ya kale, nyepesi kuliko unavyotarajia, na kuta zake ni nyembamba. Isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto kidogo, kisha unuse. Ukisikia kafuri, umepata jibu. Seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha. Usiisogeze karibu na draya, mshumaa au jiko, usiianike juani, na usikubali ushauri wa kuipima kwa sindano ya moto.

Unga wa mbao na gundi. Midoli hii ilifinyangwa kisha ikapakwa rangi juu. Rangi yake huwa na nyufa ndogondogo zilizosambaa kama wavu, na pale ilipobanduka unaona kitu cha kahawia chenye chengachenga. Maji yakiingia, gundi inalainika na mdoli unavimba na kubomoka.

Kauri. Ni baridi shavuni na nzito. Kuna inayong'aa na kuna isiyong'aa, yenye ngozi kavu kama ya binadamu. Ile isiyong'aa hunyonya mafuta, kwa hiyo hata alama za vidole ni tatizo. Ukiweza kuitoa wigi, ingiza tochi ndani ya kichwa gizani: ufa ambao macho hayauoni utajitokeza kama uzi mweusi au wa mwanga.

Kitambaa. Hili halihitaji kipimo, lakini jua kilichojazwa ndani. Sufi na faiba hubonyea kwa ulaini. Unga wa mbao ni mzito na humwagika ukiutikisa karibu na tundu.

Mdoli mmoja mara nyingi una zaidi ya kitu kimoja: kichwa cha vinili, mikono ya plastiki ngumu, kiwiliwili cha kitambaa. Andika kila sehemu kwenye karatasi na kuitendea kivyake.

### Angalia alama kabla ya kuamua

Pindua mdoli usome kisogo, mgongo na nyayo. Kichwa cha kauri chenye jina kama Armand Marseille au Simon & Halbig na namba chini yake ni kazi ya Ujerumani, na inaweza kuwa na thamani ambayo rangi mpya itaifuta. Kwa mdoli wa aina hiyo, safisha, kaza viungo, uishie hapo.

Usidanganywe na mwaka uliochapwa. Barbie nyingi zina mwaka 1966 mgongoni au matakoni, lakini huo ni mwaka wa haki za muundo wa mwili, na miili hiyo iliendelea kutumika kwa miongo mingi baadaye.

Mwaka una kazi moja ya maana zaidi: usalama. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye risasi kwenye vichezeo mwaka 1978. Mdoli ulio mzee kuliko hapo, au usiojulikana umri, uchukulie kuwa rangi yake ina risasi. Usiipige msasa mkavu, vaa glavu na barakoa, na usiwape watoto mdoli huo kuchezea.

## Hatua ya 2: Piga picha, kisha fungua

Piga picha za mbele, nyuma, uso kwa karibu, na namna kila kiungo kilivyokaa. Utazihitaji siku ya kurudisha nyusi mahali pake.

Vua nguo taratibu. Vitambaa vya zamani hupasuka mabegani. Ondoa betri na kisanduku cha sauti. Ukikuta unga mweupe kwenye nyumba ya betri za kawaida za alkali, ufute kwa kijiti cha pamba chenye siki, halafu ufute tena kwa spiriti na uache pakauke.

Kichwa cha vinili kisichotoka usikivute kwa nguvu. Kipashe kwa draya au kiloweke kwenye maji ya moto dakika mbili au tatu hadi shingo ilainike, ndipo ukizungushe huku ukikivuta. Sehemu inayovunjika ni kinundu cha shingo, na kikivunjika kazi yako imeongezeka maradufu. Chenye macho ya kufumba kipashe kwa draya tu, kisiguse maji.

Midoli yenye lastiki kuukuu ina hatari yake. Lastiki ikikatika ghafla, viungo vinarukiana. Funga kila kiungo kwa kitambaa kabla ya kuikata.

## Hatua ya 3: Safisha

Kabla ya dawa yoyote, hata sabuni, jaribu mahali pasipoonekana: chini ya wayo au kisogoni chini ya nywele. Subiri saa 24. Pakibadilika rangi, pakinata au pakififia, achana na dawa hiyo.

Vinili na plastiki ngumu: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, mswaki laini kwenye mikunjo ya vidole. Futa uso kwa kijiti cha pamba ukikwepa midomo na nyusi. Usizamishe kichwa chenye macho ya kufumba, kwa sababu ndani kuna chuma kitakachoota kutu, na uzito unaoyafumba macho mara nyingi ni wa risasi.

Vinili inayonata haikuchafuka tu. Kilainishi kilichochanganywa kwenye plastiki kinatoka nje, na kinakamata vumbi. Ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa, kisha ipake poda kidogo sana na kuifuta. Itanata tena baada ya miezi, na utarudia. Hakuna dawa inayokirudisha kilainishi ndani, na anayekuuzia dawa hiyo anakudanganya.

Unga wa mbao na gundi: bila maji. Tumia kijiti cha pamba chenye krimu nyeupe ya ngozi kiasi cha punje, sehemu ndogo kwa wakati, na uifute papo hapo.

Kauri: kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni, lakini maji yasiingie ndani ya kichwa. Macho ya midoli ya zamani mengi yameshikiliwa na plasta, nayo maji huilainisha.

Seluloidi: kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha mara moja. Basi.

Kitambaa kina hatua yake hapa chini.

## Hatua ya 4: Ondoa madoa ya wino na rangi ya nguo

Hapa ndipo uvumilivu wa watu huisha. Doa la kalamu kwenye vinili halikai juu. Limezama ndani, na ndiyo maana kusugua hakusaidii. Unachofanya ni kulififisha kutoka ndani kwa benzoili peroksaidi.

1. Hakikisha ni vinili. Kwenye plastiki ngumu dawa hii haifanyi kazi ya maana, na kwenye nywele au nguo inaacha mabaka meupe.
2. Paka krimu nene juu ya doa tu, kwa kijiti cha pamba. Ikiwa doa liko karibu na mdomo au jicho lililochorwa, zungushia vaselini kwenye mchoro kama ukuta.
3. Funika kwa nailoni nyembamba ili isikauke. Ikikauka imeacha kufanya kazi.
4. Weka mahali penye jua au joto la wastani. Angalia kila baada ya saa mbili au tatu.
5. Osha, kausha, tazama. Rudia siku inayofuata ukihitaji.

Acha doa linapokuwa kivuli hafifu. Ukilazimisha liishe kabisa, ngozi inayolizunguka inapauka na unapata baka jeupe lisilo na dawa. Vinili ya kahawia au nyeusi hupauka upesi zaidi, kwa hiyo ipe vipindi vifupi. Baadhi ya madoa hurudi kidogo baada ya wiki chache, kwa sababu wino uliobaki ndani unapanda juu. Hilo ni la kawaida.

Doa la kijani sikioni au shingoni ni tofauti: hereni au pini ya shaba imeota kutu ya kijani. Toa chuma hicho kwanza, na ukisharudisha mapambo, usirudishe hereni ileile.

## Hatua ya 5: Nywele

Nywele huoshwa kabla ya rangi ya uso, kamwe si baada yake. Maji ya moto na kondishina vinaharibu rangi mpya.

Osha kwa sabuni ya maji, suuza, kisha jaza kondishina mpaka nywele ziteleze. Shika fungu dogo karibu na kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili chana kuanzia ncha ukipanda juu kidogokidogo. Ukianzia kichwani, unasukuma mafundo yote yakutane chini, na utaishia kung'oa vishungi.

Zikishachanuka lakini bado zimesimama au kuvimba, tumia maji ya moto. Jaribu kwanza uzi mmoja wa kisogoni, kwa sababu baadhi ya nyuzi hujikunja na kukakamaa kwa joto kali. Uzi ukivumilia, chana nywele zinyooke, zichovye sekunde chache kwenye maji yaliyotoka kuchemka na kutulia dakika moja, chana tena, halafu mimina maji baridi ili umbo lishike. Kwa mawimbi, sokota kwenye vipande vya mirija, chovya, pooza, na usifungue mpaka zikauke kabisa. Kukauka huko huchukua siku nzima au zaidi, na haraka hapa haina faida yoyote.

Njia hii si ya kichwa chenye macho ya kufumba, si ya seluloidi, na si ya wigi la singa za mbuzi au nywele za binadamu. Wigi kama hilo libandue taratibu kwa kulowesha ukingo wake kidogo, lioshe kwa maji ya baridi, likaukie juu ya mpira uliovikwa nailoni, na baadaye ulibandike kwa gundi inayoyeyuka kwa maji ili atakayekuja baada yako aweze kulitoa.

Ikiwa nywele zinanata upya kila baada ya kuoshwa, gundi iliyowekwa ndani ya kichwa inavuja kupitia vitundu. Osha, weka poda kwenye mizizi, chana, na ujue ni zoezi la kurudiwa.

Sehemu zenye upara kwenye kichwa cha vinili hushonwa upya. Chomeka sindano ndefu kutoka nje kwenye kitundu cha zamani, itokee shingoni, vuta kishungi, kifunge fundo ndani. Fuata mstari wa paji la uso kwanza, kisha mstari wa kugawa nywele, halafu jaza kati. Kishungi kinene mno hupasua kitundu. Umefaulu ikiwa ukivuta nywele kidogo, ngozi ya kichwa inasogea na nywele haitoki.

## Hatua ya 6: Macho

Macho yaliyokwama usiyasukume kwa kidole. Kwenye plastiki ngumu, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kona ya jicho kwa ncha ya sindano, laza mdoli, usubiri, kisha uutikise polepole. Tone hilohilo linaweza kupunguza ukungu kwenye mboni. Usiweke mafuta kwenye kauri isiyong'aa wala kwenye unga wa mbao. Yatazama na kuacha doa la kudumu.

Jicho lililotumbukia ndani ya kichwa cha kauri ni kazi ya plasta na vipimo. Kama mdoli una thamani, huo ndio wakati wa kumtafuta fundi aliyebobea.

## Hatua ya 7: Nyufa, vipande na vidole vilivyopotea

Kauri. Panga vipande vyote vikiwa vikavu, bila gundi, na uvipe namba kwa penseli upande wa ndani. Kuna mpangilio mmoja au miwili tu unaokubali kipande cha mwisho kuingia; ukikosea, utabaki na kipande mkononi na tundu lisilokitaka. Paka epoksi nyembamba, unganisha, kaza kwa utepe wa gundi, na uache saa 24. Mafundi wa makumbusho hupendelea gundi iitwayo Paraloid B-72 kwa sababu inayeyushwa kwa asetoni na kazi inaweza kufunguliwa baadaye. Ukiipata, itumie kwa mdoli wa thamani. Supagluu ni kosa hapa: inakamata kabla hujapanga, na muungano unakuwa mkavu wa kupasuka tena.

Vinili iliyochanika. Inahitaji gundi inayopinda nayo, ile ya maboya. Gundi ya mabomba ya maji ni kali mno, itakula ngozi.

Plastiki ngumu iliyoachana kwenye mshono. Gundi ya plastiki ngumu kidogo, funga kwa mipira ya kubania, futa inayotoka nje kabla haijakauka.

Unga wa mbao. Ondoa yaliyolegea tu. Jaza puti ya mbao kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke. Kwa kuwa mdoli huu hautaki maji na rangi yake inaweza kuwa na risasi, piga msasa puti pekee, taratibu, namba 400 kisha 600, ukivaa barakoa, na ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu hafifu.

Kidole kilichopotea. Toboa kitundu chembamba kwenye kisiki, bandika waya uliokatwa mfupi kidogo kuliko kidole, kisha vika epoksi ya kukanda juu yake. Weka mkono wa pili mbele yako na uuangalie kupitia kioo: kioo kinageuza kushoto kuwa kulia, na unapata kielelezo halisi cha kidole unachokitengeneza. Chora ukucha kwa ncha ya kijiti cha meno kilicholoweshwa kabla haijakauka. Nikiri kwamba hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

## Hatua ya 8: Mwili wa kitambaa

Ukiona vitobo au vumbi la wadudu, funga mdoli kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, uuweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Utoe ukiwa bado ndani ya mfuko, upate joto la chumba kwanza, ndipo ufungue, la sivyo unyevu utatua juu ya kitambaa. Kichwa cha kauri au cha unga wa mbao kisiingie huko, kitenganishe.

Fumua mshono wa mgongoni, ndio uliofungwa kwa mkono na kiwandani ulikuwa wa mwisho. Toa vilivyomo ukiwa na barakoa. Usioshe mwili ukiwa umejaa: sufi hugandamana na unga wa mbao hutoa maji ya kahawia yasiyotoka. Kwa mdoli wa thamani, weka vilivyotoka kwenye mfuko wenye jina lake.

Osha ganda kwa maji ya baridi na sabuni laini, likauke likiwa limetandazwa kivulini. Jaza kuanzia vidole vya miguu na mikono, mafungu madogo, ukisukuma kwa kijiti chenye ncha butu. Mafungu makubwa ndiyo yanayoleta vinundu. Funga kwa mshono uliofichwa: sindano iingie kwenye mkunjo wa upande mmoja, itoke, ivuke upande wa pili, kisha uvute uzi ili kingo zikutane na mshono upotee.

Ukiushika mdoli kiunoni, kiwiliwili kisipinde. Kikipinda, rudisha faiba shingoni na kiunoni.

## Hatua ya 9: Rangi ya uso

Paka tu palipobanduka. Uso mzima kupakwa upya unaupa mdoli sura ya mtu mwingine, na mwenye mdoli atauona mgeni.

Kwenye vinili na plastiki ngumu, futa kwa spiriti kidogo, pakauke. Kwenye vinili weka kwanza vanishi isiyong'aa ili rangi ipate pa kushika. Fungua picha ulizopiga mwanzo. Zimua akriliki na upake tabaka nyembamba tatu au nne badala ya moja nene, kila moja ikikauka. Mashavu yatoe kwa chaki laini: kwangua unga wake, paka kwa brashi kavu, ongeza polepole.

Usitumie kalamu ya wino usiofutika kuchora nyusi. Wino wake unasambaa ndani ya vinili na baada ya miezi kila mstari unakuwa na kivuli cha zambarau au bluu kinachoenea. Vilevile vipodozi vya uso vina mafuta yanayotia doa.

Vanishi ya mwisho ipulizie nje, umbali wa sentimita 20 hadi 30, siku kavu. Siku yenye unyevu mwingi huacha ukungu mweupe. Midomo na macho pekee ndiyo yapate tone la vanishi inayong'aa.

Ukipitisha kidole baada ya siku moja, rangi isinate wala kuacha alama.

## Hatua ya 10: Rudisha viungo

Hii huja mwisho kwa sababu viungo vikiwa vimetengana, usafi na rangi ni rahisi.

Chagua lastiki kwa ukubwa wa mdoli: milimita 2 kwa ulio chini ya sentimita 20, milimita 3 kwa ulio kati ya sentimita 20 na 40, milimita 4 au 5 kwa ulio zaidi ya hapo. Nyembamba mno, viungo vinaning'inia. Nene mno, inakwama kwenye tundu na kuvuta kauri ipasuke.

1. Angalia kulabu za viungo. Zenye kutu zisafishe, zilizopinda zinyooshe kwa koleo.
2. Kata lastiki ndefu kuliko unavyodhani, na kila moja ifunge iwe kitanzi kwa fundo la namba 6. Ya mikono ipite ndani ya kifua, kutoka bega hadi bega. Ya miguu na kichwa ni kitanzi kimoja kinachotoka shingoni hadi mapajani.
3. Anza na mikono. Pachika kitanzi kwenye kulabu ya mkono mmoja, kivute kwa waya kupitia bega hadi bega la pili, na ukipachike kwenye mkono wa pili.
4. Pitisha kitanzi kirefu kwenye kulabu ya mguu wa kwanza na wa pili, kivute juu hadi shingoni. Bana lastiki kwa koleo juu ya shingo isirudi ndani.
5. Pachika kwenye kulabu ya kichwa. Kwenye kauri, weka kipande cha ngozi au kitambaa kinene kati ya shingo na kiwiliwili, vinginevyo vitasagana.
6. Fundo la kila kitanzi ni la mara mbili, kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Shona ncha mbili pamoja kwa uzi, kwa sababu lastiki hufungua fundo lake yenyewe.

Msaidizi mmoja wa kushika kiwiliwili anafaa sana kwenye namba 4. Fanya yote juu ya taulo.

Inua mkono juu, uache. Ubaki hapo. Kalisha mdoli: mgongo usimame, kichwa kisianguke kifuani. Zungusha kichwa: kirudi taratibu, si kwa kishindo. Kikirudi kwa kishindo, legeza kabla hakijapasuka.

## Kuhifadhi

Jua la dirishani hufifisha rangi na kugeuza plastiki kuwa ya njano. Vinili isigusane na plastiki ngumu, kwa kuwa kilainishi chake huilainisha plastiki hiyo hadi zikashikana; tenganisha kwa karatasi isiyo na tindikali au kitambaa cheupe cha pamba kilichooshwa. Nguo za rangi kali zivue ukihifadhi kwa muda mrefu, na badala yake uvike nguo nyeupe.

Mdoli wenye macho ya kufumba ulaze kifudifudi, ukiwa umewekewa kitambaa laini paji la uso, ili uzito ulio nyuma ya macho usiyavute yakang'oka. Kila baada ya miezi michache ufungue sanduku, unuse kama kuna siki au kafuri, na upitishe kidole mashavuni kuona kama vinili imeanza kunata.